Jiko la vioo kwa jua la Dodoma: maswali ninayoulizwa kila mara

Nikilitoa jiko uani saa tatu asubuhi, kabla ya saa nne nimeshapata mgeni getini. Wengine ni bodaboda waliomulikwa machoni wakipita (nawaomba radhi), wengine kina mama wanaotoka kuchota maji, wengine wanafunzi wa chuo wenye daftari mkononi. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, si mhandisi. Ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma, kwa kuunguza na kwa kuunguzwa.

Hii si ndiyo sola ile ile ya kwenye paa?

Hapana. Paneli ya paani inageuza mwanga kuwa umeme. Hapa hakuna umeme, hakuna betri, hakuna waya. Kuna vioo tu, vinavyolichukua jua lililoangukia eneo kubwa na kulikusanya mahali padogo mpaka panakuwa moto wa kupikia. Paneli ya kawaida inaambulia kama moja ya tano ya nguvu ya jua linaloigusa. Dishi lililotengenezwa vizuri linaingiza karibu nusu ya jua lake ndani ya sufuria. Ndiyo maana ukitaka taa, redio na kuchaji simu nitakuambia kanunue paneli, lakini ukitaka maharage yaive, tuzungumze.

Jua linakusanywaje?

Siku ya anga safi, saa sita mchana, kila mita moja ya mraba ya uwanja wako inapokea takribani wati 1,000 za jua. Hizo ni sawa na pasi ya umeme. Shida ni kwamba zimetandazwa, na ndiyo sababu ukikaa juani unatoka jasho lakini hushiki moto. Dishi lenye umbo la parabola linaipokea miale yote inayokuja sambamba na kuielekeza kwenye nukta moja, ile ambayo vitabu vya fizikia huiita fokasi. Dishi la upana wa sentimita 140 lina eneo la mita ya mraba moja na nusu hivi. Ukilikusanya jua lote hilo kwenye kitako cha sufuria, umelizidisha mara thelathini au zaidi.

Sharti kubwa ni moja: lazima iwe miale inayotoka moja kwa moja kwenye jua. Mwanga uliotawanywa na wingu, ukungu au vumbi unakuja kutoka pande zote, na hakuna kioo duniani kitakachoukusanya. Kipimo changu ni kivuli. Nikisimama uani nikaona kivuli changu kina ukingo mkali kama kimekatwa na mkasi, naweka sufuria. Kikiwa na ukungu ukungu pembeni, nawasha mkaa bila kinyongo.

Kwa nini unasema Dodoma ina bahati kuliko Dar?

Pwani kuna jua kali pia, kila mtu anajua. Lakini hewa ya pwani ina unyevu na mawingu mengi, na unyevu unautawanya mwanga. Sisi tuko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni kavu, na msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Kuanzia Mei hadi Novemba unaweza kuhesabu siku nyingi mfululizo za kivuli chenye ukingo mkali. Singida na Manyoni, Kongwa na Bahi ni hivyo hivyo. Ukame huu tunaoulalamikia kwenye mtama ndio unaolilisha jiko.

Kuna jambo moja linalowachanganya mafundi wapya. Wanalipanga dishi wakidhani jua liko utosini saa sita kamili. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa longitudo 45, na Dodoma iko karibu na 36, kwa hiyo jua linatufikia kwa kuchelewa. Hapa kilele cha jua huwa kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana, kutegemea mwezi. Na utosini kabisa linapita mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Juni linakuwa limeegemea kaskazini, Desemba kusini. Fremu yako isipoweza kuinamia pande zote mbili, utapika nusu mwaka tu.

Kuna aina gani za bei nafuu?

Ya bei ya chini kabisa ni *jiko la paneli za boksi*: karatasi ngumu iliyobandikwa foili, imekunjwa kama kiti cha mgongo mrefu, na sufuria nyeusi katikati ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki usioyeyuka kwa joto. Umbo hilo lilitokana na kazi ya Mfaransa Roger Bernard, na toleo lake linaloitwa CooKit lilipelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka ya 1990. Halikaangi, halichemshi kwa haraka, ila linaivisha polepole bila kuunguza. Wali, viazi vitamu, mayai, maboga. Bwana de Saussure wa Uswisi alikuwa ameshapata nyuzi zaidi ya 100 ndani ya sanduku la vioo mwaka 1767, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Kipya ni bei.

Kisha kuna *dishi*, na hili ndilo ninalotengeneza mimi. Mfano maarufu ni SK14 wa Mjerumani Dieter Seifert: upana wa sentimita 140, na fokasi iko sentimita 28 tu kutoka kitakoni. Huo ukaribu una maana kubwa. Dishi lenyewe lina kina cha sentimita 44 hivi, kwa hiyo fokasi imejificha ndani, chini ya ukingo. Anayepita pembeni hawezi kukiingiza kichwa chake humo kwa bahati mbaya. Siku njema linaingiza wati kama 600 kwenye sufuria, na lita tatu za maji zinachemka kwa karibu nusu saa.

La tatu ni *kiakisi cha Scheffler*, kwa ajili ya shule na taasisi. Nitalirudia chini.

La nne linanivutia sana ingawa bado sijalikamilisha: *mistari ya vioo bapa*. Badala ya kukunja kioo, unakata vipande virefu vyembamba, unavilaza chini sambamba, kila kimoja umekiinamisha tofauti kidogo ili vyote vimulike bomba moja lililo juu. Mwitaliano Giovanni Francia alijenga mtambo wa namna hiyo miaka ya 1960. Uzuri wake ni kwamba fundi yeyote wa vioo vya madirisha anaweza kuvikata, na vikiwa chini havipigwi sana na upepo. Ubaya ni bomba: unahitaji bomba jeusi, na tabaka la kioo la kulizuia lisipoteze joto, na hapo ndipo hela zinapoishia.

Kuna pia lenzi pana za plastiki zinazotolewa kwenye televisheni kubwa za zamani. Zinakusanya jua kwa ukali wa kutisha, kwenye nukta ndogo. Kwa kutoboa mbao na kuwashangaza watoto ni sawa, kwa kupika hapana. Na kuna maputo: upande mmoja angavu, upande wa pili una alumini, ukilijaza hewa linajipinda lenyewe likawa kiakisi. Wamarekani wamelijaribu. Nyenzo ni nyepesi na rahisi kupita kiasi, lakini wazo hilo lilimjia mtu asiyewahi kuishi jirani na migunga. Miiba yetu ingelimaliza kabla ya adhuhuri.

Nina ungo wa king'amuzi uliokufa. Unafaa?

Hili naulizwa kuliko yote. Unafaa, ila jua unachokitarajia.

Zile nyungo ndogo za sentimita 60 zilizojaa mapaani zina eneo la theluthi moja ya mita ya mraba, hata haifiki. Ukizibandika filamu nzuri utapata wati 150 hivi za kweli. Hiyo ni nusu lita ya maji ya chai kwa dakika ishirini kasoro. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha darasani, safi kabisa. Kwa familia ya watu saba, ni mapambo. Ungo wa sentimita 90 unachemsha lita moja kwa muda huo huo. Mambo yanaanza kwenye yale madishi makubwa ya zamani, ya mita 1.8 au zaidi, yanayooza nyuma ya nyumba za wageni na baa za zamani. Hilo moja lina nguvu kuzidi SK14. Mimi la kwanza nililipata kwa kulibeba mwenyewe, maana aliyekuwa nalo alitaka tu liondoke.

Tofauti ya kuijua: ungo mdogo umekatwa pembeni ya parabola, si katikati. Fokasi yake haiko mbele ya kitovu. Iko chini, pale mkono unaposhika kile kichwa cha kupokea mawimbi. Watu wanaulengesha juani kama wanavyolengesha kioo, wanaona hakuna kitu, wananipigia simu. Uelekeze mpaka kivuli kioneshe kwamba kichwa kile ndicho kinachomulikwa. Lile dishi kubwa la mviringo halina hila hiyo, fokasi iko katikati mbele.

Nibandike nini juu yake?

Foili ya kufungia nyama ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa mpya na imenyooka inaakisi vizuri, upande unaong'aa juu. Lakini kila mkunjo unatupa mwanga pembeni, na miezi mitatu ya vumbi na kufutwafutwa inaimaliza.

Vioo vya kujitazamia vilivyokatwa vipande vya sentimita tano kwa tano ndivyo ninavyovipenda. Ni vizito, vinachosha kubandika, vinakata vidole, lakini mvua haivifanyi kitu ukivifunga ukingo kwa silikoni ili unyevu usiingie nyuma kula rangi ya fedha. Omba masalia kwa mafundi vioo. Wana ndoo nzima wanazotaka kumwaga. Kila kipande ni bapa, kwa hiyo doa la mwanga haliwi dogo kuliko kipande chenyewe, na kwa sufuria hilo ni jema: joto linatawanyika kitakoni badala ya kutoboa sehemu moja.

Filamu ya plastiki yenye alumini ni nyepesi na inang'aa kuliko vyote. Hapa nina kisa. Niliagiza roli zima kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba ni ya kukaa nje. Kiangazi chote ilikuwa kama maji ya ziwa. Mvua ya tatu ya Desemba ikaanza kuvimba malengelenge, na Februari ilikuwa inaning'inia kama ngozi ya nyoka. Kumbe kuna filamu ya ndani na filamu ya nje, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kata kipande, kiloweke kwenye maji usiku kucha, kianike siku tatu, ndipo ulipie roli.

Bati jipya la kuezekea usijisumbue. Linameremeta lakini linatawanya.

Napika nini, na kwa muda gani?

Chochote kinachochemka peke yake bila kuguswaguswa. Maharage yaliyolowekwa usiku, kilo moja, nikiyaweka saa tatu yameiva kabla ya saa saba. Makande yanataka mpaka saa nane. Nyama ya mbuzi mzee, kwato, kunde, njugu mawe. Hapa kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, siyo 100, kwa hiyo mapishi ya pwani yaongeze muda kidogo. Hata kwenye mkaa ni vivyo hivyo, tumezoea tu.

Ugali ndio mtihani. Ugali wa uwele au mtama unataka mikono miwili, mgongo na jiko lisiloyumba, na hakuna mtu mwenye akili atakayesimama kusonga mbele ya dishi linalomrudishia jua usoni. Ninachofanya ni kuchemsha maji juani, kisha nasongea kwenye mkaa kidogo, makaa ya kujaa kiganja. Atakayekuambia jiko lake la jua linasonga ugali vizuri, mwambie akusongee mbele yako.

Sufuria iwe nyeusi nje. Wengi wananunua rangi, wakati sufuria iliyopikiwa kuni tayari ina masizi ambayo ndiyo hasa unayoyataka. Kazi ni kumshawishi msichana wa kazi asiisugue kwa mchanga na majivu. Mimi nimeshindwa mara mbili.

Lazima nikae nalo siku nzima?

Jua linasogea nyuzi moja kila dakika nne. Dishi linataka kusukumwa kila robo saa au dakika ishirini. Jiko la paneli linavumilia saa nzima. Weka kijiti wima kwenye ukingo wa dishi. Kivuli chake kikiwa kimetoweka, umelenga sawasawa. Mtoto wa darasa la pili anaweza kazi hiyo, mradi umfundishe asimame nyuma ya dishi na asiingize mkono.

Ni hatari?

Ndiyo, na nawashangaa wanaouza wakisema si hatari. Ubao unashika moto. Mafuta yanawaka. Macho yanaumia kabla hujajua yameumia: vaa miwani ya giza, au kama huna, ligeuze dishi pembeni kwanza ndipo ukoroge.

Lile dishi langu la kwanza, la mita 1.8, fokasi yake ilikuwa nje ya ukingo, hewani, karibu sentimita 70 kutoka kitakoni. Siku moja ya Agosti niliondoa sufuria nikaingia ndani kupokea simu. Kamba ya nguo ya jirani ilikuwa mita moja tu kutoka pale. Upepo ukainua pindo la kanga, ukalipeperusha kupitia ile nukta, mara moja tu, ikarudi. Nilipotoka nilikuta tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, ukingo wake wa kahawia, limekula herufi tatu za maandishi na bado linatoa uzi mwembamba wa moshi. Mama mwenye kanga hakupiga kelele. Aliisoma ile kanga bila herufi zake tatu, akaniangalia, akaisoma tena. Nilimnunulia doti mpya, na wiki hiyo hiyo nikahamia kwenye umbo la kina.

Likiwa halina sufuria, lifunike kwa gunia au lilaze kifudifudi. Hata kama unarudi sasa hivi.

Upepo na vumbi je?

Upepo wa Juni hadi Septemba tunaujua sote. Dishi ni tanga. Fremu ya nondo nyembamba itakuangukia, pamoja na maharage. Tumia ango laini au skwea paipu, miguu iwe mipana kuliko dishi lenyewe, na uning'inize ndoo ya mawe katikati. Upepo pia unaipoza sufuria. Kifuniko kizito ni lazima, na ukipata kigae cha kioo cha kuizungushia, bora zaidi.

Vumbi lipanguse kila asubuhi kwa kitambaa laini kilicholowa. Kikavu kinakwaruza. Umande wa asubuhi wa Julai unakusaidia bure, ukiwahi.

Masika na usiku inakuwaje?

Masika, kifuku kama wasemavyo wenyeji, unarudi kwenye gesi au mkaa. Zipo siku za jua kali kati ya mvua na mvua, zitumie, lakini usimwage mkaa wote ukidhani umeaga.

Usiku kuna kikapu. Chakula kikishachemka juani, kifunike, kitumbukize kwenye kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, pamba au maganda ya mpunga, ukibane vizuri. Maharage yanaendelea kuiva humo, na wali ulioingia saa kumi unaliwa saa mbili usiku ukiwa wa moto. Kwangu kikapu si nyongeza. Bila kikapu, jiko la jua halina maisha katika nyumba zetu, na jibu linalofuata litakuonyesha kwa nini.

Mbona majiko haya yaliletwa zamani yakashindwa?

Katika kijiji kimoja cha Bahi nilikuta dishi zuri la alumini, kazi ya kiwandani, limegeuzwa kifuniko cha banda la kuku. Mradi ulioyaleta ulishaondoka. Nikamuuliza bibi mwenye banda kama lilikuwa halipiki. Akasema linapika sana. "Ila mwanangu, mimi nikirudi shambani jua limeshakwenda."

Hapo ndipo penye jibu lote. Waliolileta walipima nyuzi joto, wati na dakika za kuchemsha, na vipimo vyao vilikuwa sahihi. Hawakuuliza saa za kupika. Mlo mkubwa wa Mgogo mkulima ni wa jioni. Wakati wa jua kali mama yuko kwenye uwele, au kwenye foleni ya maji, au mnadani. Jiko linalotaka mtu asimame karibu kila robo saa kuanzia saa tatu hadi saa nane linamtaka mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo mteja akija, kabla sijapima kitu naanza na swali: nani yuko nyumbani mchana? Kama ni mama lishe anayechemsha maharage na supu kutwa nzima pale pale anapofanyia kazi, ninamtengenezea dishi kwa moyo mweupe. Kama ni shule, vizuri. Kama ni bibi anayelea wajukuu, sawa, na kikapu. Kama nyumba inafungwa kufuli asubuhi mpaka magharibi, ninamrudishia hela yake na kumpa mchoro wa jiko la paneli za boksi, aliache juani likiwa limeelekezwa pale jua litakapokuwa saa saba, apike viazi bila kusimamiwa.

Shule yetu inalisha watoto mia nne. Kuna suluhisho?

Hapo ndipo Scheffler anapoingia. Wolfgang Scheffler alijenga kiakisi chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri mwaka 1986, na alikijengea hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye misheni moja kaskazini mwa Kenya. Ujanja wake ni huu: kioo kikubwa kinazunguka kufuata jua, lakini fokasi haihami. Sufuria inabaki jikoni, ndani ya nyumba, kivulini. Mwanga unaingia kupitia tundu ukutani. Mpishi hasimami juani na hasukumi kitu, maana kinazungushwa na mtambo mdogo kama wa saa. Ekseli yake inalazwa sambamba na ekseli ya dunia, na kwa latitudo yetu ya nyuzi 6 inakuwa karibu imelala kabisa, jambo linalorahisisha kazi ya msingi.

Kiakisi cha mita za mraba 8 kinachemsha lita kama 20 kwa saa. Kwa watoto mia nne unahitaji kadhaa. India wameviunganisha kwa makumi kutengeneza mvuke wa kupikia kwenye mahekalu. Tirumala waliweka 106 mwaka 2002. Auroville, huko huko India, walikwenda njia nyingine: bakuli la vioo la upana wa mita 15 juu ya paa la jiko lao, bakuli halitikisiki, kinachosogea ni bomba la kupokea joto.

Kwa nini liwahusu wakuu wa shule sasa hivi? Kwa sababu serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Shule nyingi zinakimbilia gesi. Siwalaumu. Ila gesi kwa maji ya uji wa watoto mia nne, katika mji wenye jua hili, mhasibu ataihisi. Jua lipashe maji, gesi imalizie.

Gharama?

Bei ya chuma inapanda kila nikienda dukani, kwa hiyo siandiki namba hapa. Kinachokula hela ni fremu, si vioo. Ukipata dishi la bure na masalia ya vioo, unabaki na ango laini, fimbo za kuchomelea, silikoni na ujira.

Upande wa faida, piga hesabu mwenyewe. Wati 600 kwa saa tano ni kama megajuli 11 ndani ya sufuria. Kilo ya mkaa ina megajuli 30, lakini jiko la bati la kawaida linaingiza moja ya tano hivi kwenye chakula. Basi siku njema moja ni kilo mbili kasoro za mkaa. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako na siku za kiangazi. Kwa mama lishe inalipa mapema. Kwa anayepika mara moja kwa siku, itachukua muda.

Kwa nini tusitengeneze umeme?

Inawezekana, na Afrika ina historia nayo. Mwaka 1913 Mmarekani Frank Shuman aliweka mifereji ya vioo Maadi, karibu na Cairo, ikachemsha maji, mvuke ukaendesha pampu ya umwagiliaji kutoka Nile. Leo Morocco wana mitambo ya umeme wa jua iitwayo Noor, huko Ouarzazate, yenye mnara wa kupokea mwanga na matangi ya chumvi iliyoyeyuka yanayotunza joto ili mitambo izunguke hata jua likizama. Afrika Kusini nao wanayo ya namna hiyo katika jimbo la Northern Cape.

Lakini hayo ni mambo ya megawati. Kwa udogo wetu unahitaji injini ya joto, yaani inayogeuza joto kuwa mzunguko, na injini ndogo ni ghali, inavuja na haina fundi. Bei ya paneli imeshuka mno kiasi kwamba hesabu haikubaliani. Na tafadhali usimulike paneli yako kwa vioo ili "iongeze chaji". Inapata moto, inapungua nguvu, na baada ya muda inabadilika rangi.

Naweza kutibu maji ya kunywa?

Vijidudu, ndiyo. Si lazima yachemke. Yakifika nyuzi 65 na kukaa hapo dakika kadhaa, wameshakufa. Chumvi na floraidi, hapana. Visima vya Singida na baadhi ya vya kwetu vina floraidi, na kuchemsha kunapunguza maji na kuacha floraidi ileile, kwa hiyo unaizidisha.

Kukausha zabibu na majani ya kunde?

Usitumie dishi. Kukausha kunataka joto la nyuzi 50 au 60 na hewa inayopita, sanduku lenye nailoni angavu na wavu linatosha. Dishi litakupa mkaa wa zabibu.

Mama mkwe anasema chakula hakina harufu ya moshi.

Anasema kweli.

Nimeshapata dishi. Naijuaje fokasi ilipo?

Hesabu kwanza. Pima upana wa dishi, na kina chake kwa kulaza ubao ulionyooka juu ya ukingo na kushusha rula katikati. Upana mara upana, gawanya kwa kumi na sita mara kina. Dishi la sentimita 180 lenye kina cha 30 linakupa 67 na nusu. Hiyo ni kwa lile la mviringo, si kwa ungo uliokatwa pembeni.

Kisha hakikisha kwa jua lenyewe, maana dishi lililoanguka mara mbili halifuati hesabu. Fanya asubuhi mapema, kabla jua halijakomaa. Vaa miwani, simama pembeni, chukua kipande cha ubao mbichi kwenye mpini mrefu, ukisogeze taratibu mbele na nyuma. Doa la mwanga litapungua, litapungua, mara litaanza kutoa moshi. Mwenzako apime hapo kwa kamba kutoka kitakoni na kuifunga fundo. Halafu lifunikeni gunia kabla hamjaenda kutafuta nondo za kishikio.